Mzigo wa Kuhama: Kipi Kiende, Kipi Kibaki?

Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuache kidogo habari za homa na lishe, tuzungumzie jambo ambalo humfika karibu kila mama ambaye yeye au mume wake ni mwalimu, askari, muuguzi, mchungaji au mfanyabiashara. Jambo lenyewe ni kuhama kwenda mbali. Barua ya uhamisho hufika siku yoyote. Baba hutangulia kuripoti kazini, naye mama hubaki na watoto, vitanda, kabati, magodoro, na swali moja kubwa: vitu hivi vyote vitafikaje huko, na kwa fedha gani?

Sisi wauguzi swali hili tunalijua, kwa kuwa kazi yetu ni ya kupangiwa vituo, leo mjini na kesho kwenye zahanati ya kijijini. Aidha, katika kundi letu la akina mama kanisani tumekuwa tukijitolea kuzisaidia familia zinazohama kufungasha. Tumeona familia zilizofika salama na kuanza maisha mara moja. Tumeona pia familia zilizomaliza akiba yote kwa kusafirisha vitu ambavyo vingeweza kununuliwa huko kwa bei ya chini kuliko nauli yake. Kwa hiyo tunasema hivi: unafuu wa kusafirisha huanzia sebuleni, siku nyingi kabla lori halijaitwa. Tena uwe ni unafuu wa fedha tu, usije ukalipwa kwa afya ya mtu.

Kwanza ulizeni haki yenu

Kabla ya kuuza hata kijiko, ulizeni nani anayepaswa kulipa. Kwetu Tanzania, mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri wake hulipiwa gharama za kuhama, yeye na familia yake na mizigo yao. Aliyeomba uhamisho mwenyewe hujigharamia. Tofauti hiyo ni kubwa, na yafaa mwenye kuomba uhamisho aijue kabla hajaandika barua. Mtumishi anayestaafu naye aulize ofisini kwake mapema kuhusu fedha za kumrudisha nyumbani na mizigo yake, asingoje mpaka siku ya kuagwa.

Wengine ni wale wanaofanya kazi katika kampuni, mashamba na viwanda, mbali na walikoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 43, inasema kwamba mkataba ukikoma mahali ambapo siyo pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri ama amsafirishe pamoja na vitu vyake mpaka alikoajiriwa, ama alipe gharama za kumsafirisha, ama ampe posho ya usafiri. Na katika siku anazongoja kusafirishwa, anastahili fedha za kujikimu. Akina mama wengi hawajalisikia jambo hili, na wapo waliouza vitanda ili kupata nauli ambayo mwajiri alipaswa kuitoa. Ombeni kwa maandishi, wekeni nakala, tunzeni kila risiti. Fedha hizi mara nyingi huchelewa, na asiye na risiti hana la kudai.

Daftari na hesabu ya kila kitu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la shule la mtoto, muingie chumba kwa chumba. Andikeni kila kitu kikubwa, na mbele yake mwandike fedha za namna tatu. Ya kwanza, mkikiuza hapa mtapata kiasi gani. Ya pili, mkinunua kingine kama hicho kule mtatoa kiasi gani. Ya tatu, kukisafirisha kutagharimu kiasi gani.

Sasa toeni ya kwanza katika ya pili. Kinachobaki ndiyo hasara ya kukiacha kitu hicho. Kama nauli yake ni kubwa kuliko hasara hiyo, kiuzeni. Kama nauli ni ndogo, kifungeni.

Tuseme mna kabati la vyombo. Mkiliuza hapa mnapata shilingi 60,000. Kule mtanunua la namna hiyo kwa 100,000. Hasara ya kuliacha ni 40,000. Lakini nafasi litakayochukua katika lori ni ya 70,000, na huenda kioo kikavunjika njiani. Basi kabati hilo liuzwe. Chukueni tena cherehani. Mkiiuza kwa haraka mtapata 150,000, na kule mtanunua nyingine kwa 350,000. Hasara ya kuiacha ni 200,000, na nauli yake labda 20,000. Cherehani iende! Tena cherehani ni mkono wa mama: siku ya tatu baada ya kufika inaweza kuanza kuleta fedha ya mboga. Vifaa vya kazi ya mama visiwe vya kwanza kuuzwa, kama tunavyoona mara nyingi, huku makochi ya sebuleni yakipewa heshima ya kusafiri.

Bei za kule mtazijuaje? Baba aliyetangulia apewe kazi hiyo. Jioni moja apite kwa mafundi seremala na kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, aulize kitanda, meza, godoro, kisha apige simu. Anayehamia Tabora au Katavi anakwenda kwenye nchi ya miombo inayotoa mninga. Anayehamia Iringa au Njombe anakwenda karibu na mashamba makubwa ya miti, kama yale ya Sao Hill kule Mufindi. Kubeba kitanda cha mbao kwenda sehemu kama hizi kunahitaji kufikiriwa mara mbili.

Tunajua pia kwamba nyumbani kuna vitu ambavyo havina bei. Kinu alichoachiwa mama na bibi yake, picha za harusi, mdoli wa mtoto. Kila mtu wa nyumba hiyo, hata mtoto wa miaka minne, apewe mfuko wake mmoja wa kutia vitu vyake vya moyoni, na asihojiwe. Mtoto aliyeacha marafiki na shule anahitaji kuona kitu chake anachokijua siku ya kwanza katika nyumba ngeni.

Njia zilizopo

Lori linalorudi tupu. Mwenye lori hupata hasara anaporudi bila mzigo, kwa hiyo mkimkuta katika safari hiyo hupunguza bei sana. Jambo la kujua ni majira. Katika nyanda za juu kusini na Rukwa mahindi huvunwa baada ya mvua, tangu miezi ya Mei na Juni, nayo malori hushuka Dar es Salaam yakiwa yamejaa nafaka. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Sumbawanga au Songea katika miezi hiyo atafute malori yanayorudi. Kusini, korosho huanza kuuzwa mwezi wa Oktoba hivi, na malori huteremka Lindi na Mtwara kuzifuata. Hapo ndipo anayehamia kusini atapata nafasi. Kinyume chake, anayetaka kutoka Sumbawanga kwenda Dar es Salaam wakati wa mavuno atashindania nafasi na magunia. Kama tarehe ya kuripoti inaruhusu, wiki mbili za subira zinaweza kuokoa fedha nyingi. Ulizeni pia kwa wenye maduka ya jumla wa kule mnakokwenda, maana wao ndio wanaojua lori gani linatoka lini.

Kuchangia lori. Mwezi wa Desemba na Januari, shule zinapofungwa, familia nyingi huhama. Familia mbili zinazoelekea upande mmoja zinaweza kuchukua lori moja. Kila familia itie alama yake katika kila mzigo, kwa mfano vipande vya kitenge vya rangi moja vilivyofungwa kwenye kamba. Nanyi mkumbuke utaratibu wa kupakia: kinachoingia mwisho ndicho kitakachoshuka kwanza. Wanaokwenda mbali zaidi wapakie mwanzo.

Treni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa mwaka 1976, nayo hupita Mlimba, Makambako na Mbeya. Kwa anayekaa karibu na stesheni, mzigo wa reli kwa kawaida huwa na gharama ndogo kuliko wa barabara, ila hauna haraka. Nendeni wenyewe stesheni kabla ya kufunga mzigo, mkaulize kama behewa la mizigo lipo na ni siku gani, maana njia ya zamani ya reli ya kati hukatwa na mafuriko mara kwa mara, hasa sehemu za Kilosa. Msichanganye na treni mpya ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na kisha Dodoma. Ile ya abiria ni ya mtu na mabegi yake, mtu asiende nayo na makochi.

Meli. Kati ya Mwanza na Bukoba, MV Victoria iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa hubeba abiria na mizigo. Mzigo wa meli ufungwe vizuri zaidi, maana hupakiwa na kushushwa mara nyingi: kutoka nyumbani mpaka bandarini, bandarini mpaka melini, na huko tena vivyo hivyo.

Basi na posta. Basi linafaa kwa maboksi machache mnayoyahitaji mapema. Yapelekeni ofisini kwa basi lenyewe, mwandikiwe risiti, na jina na simu ya mpokeaji viandikwe pande mbili za boksi. Mtu asimpe kondakta mzigo mkononi bila karatasi. Posta nayo inafaa kwa vitabu na vifurushi vidogo, hasa kama kule mnakokwenda hamjapata nyumba bado na mnahitaji mahali pa kuhifadhia kifurushi.

Kuna siri moja ndogo ambayo imewasaidia wengi. Ulizeni anayebeba anatoza kwa nini: kwa kilo au kwa nafasi? Anayetoza kwa kilo mpeni vitu vyepesi vinavyojaza, kama mablanketi na nguo. Anayetoza kwa nafasi mpeni vitu vizito vidogo, kama vitabu, sufuria na kichwa cha cherehani. Na kila nafasi tupu ijazwe: ndani ya pipa, ndani ya ndoo, ndani ya friji, wekeni nguo. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 likizidishwa nane hukaribia mita moja ya ujazo. Mkijua hesabu hiyo hamtakubali kuambiwa na dalali kwamba mzigo wenu ni wa lori zima, kumbe ni wa nusu lori.

Karatasi kabla ya safari

Pateni maandishi na mwenye lori, hata kama ni mtu wa kanisani kwenu. Andikeni namba ya gari, jina la dereva na namba ya leseni yake, bei mliyopatana, mahali pa kupakia na mahali pa kushusha mpaka mlangoni, na nani atalipa makuli, ushuru na faini ya mizani kama itatokea. Fedha zitolewe kwa mafungu, sehemu wakati wa kupakia na sehemu mzigo ukishafika ukiwa mzima. Anayedai zote mwanzoni hana sababu ya kufanya haraka.

Orodha ya mizigo iandikwe mara tatu, moja kwa dereva, moja kwa mama, moja kwa atakayepokea. Kila mzigo uwe na namba. Pigeni picha kwa simu kabla turubai halijafunikwa. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayosema kwamba mnahama na vyombo vyenu ni karatasi ndogo, lakini huwapunguzia maswali njiani. Mkaa na mbao vina vibali vyake vya maliasili, na mifugo, hata kuku, ina kibali chake cha mifugo. Kama hamna vibali hivyo, viuzeni au mvigawe kwa majirani. Lori zima likizuiwa kwa ajili ya magunia mawili ya mkaa, unafuu wote umekwisha.

Kufungasha

Hamhitaji kununua vitu vya gharama. Mifuko ya salfeti, mabegi ya shangazi kaja, maboksi ya dukani na ndoo zenye vifuniko vinatosha. Sahani zisimamishwe wima, moja moja ikiwa imefungwa kwa nguo au gazeti, zisilazwe. Vikombe vivikwe soksi na nguo za watoto. Kitanda kifunguliwe, na misumari yake ya kuzungusha itiwe katika kifuko na kufungwa kwenye ubavu wa kitanda chenyewe. Vitabu vitiwe katika maboksi madogo, maana boksi kubwa la vitabu hupasuka chini, au humuumiza anayelibeba.

Friji isafiri ikiwa imesimama. Ikifika iachwe saa kadhaa ndipo iwashwe, ili mafuta ya mashine yarudi mahali pake.

Godoro likaguliwe kwenye mishono. Kunguni hupenda kuhama pamoja na watu. Nguo za kitanda zifuliwe kwa maji ya moto, na godoro likae kwenye jua kali na kugeuzwa pande zote kabla ya kufungwa. Kama limejaa kunguni, halina haja ya kulipiwa nauli.

Vitu ambavyo havipandi lori

Hapa tunazungumza kama wauguzi, na tunawaomba sana mtusikilize. Kuna mfuko mmoja ambao mama anaubeba mwenyewe, begani, na hauachi mkononi mwa mtu. Ndani yake kuna kadi za kliniki za watoto, kadi ya mama mjamzito, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi ya bima, na dawa.

Dawa za kila siku haziingii katika mizigo. Dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa, kifua kikuu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zote huhitaji kumezwa bila kuruka. Mapema, kabla ya siku ya safari, nendeni kituoni mnakotibiwa, mwaambie mnahama, mpewe barua ya uhamisho na dawa za kutosha mpaka mtakapopata kituo kipya. Msione haya. Kuhama kimyakimya ndiko kunakowafanya wengi waache dawa mwezi mzima, na ugonjwa uliotulia ukaamka. Insulini isikae juani wala karibu na injini ya gari. Ifungwe katika kitambaa chenye unyevu, ndani ya chombo kinachopitisha hewa, na isigandishwe kwa barafu.

Vyandarua navyo visafiri na watu. Familia moja tuliyoisaidia kufungasha ilitoka Njombe kwenda Kigoma. Vyandarua vilikuwa vimefungwa na mapazia, chini kabisa ya lori, na lori liliharibika njiani likachelewa siku tisa. Baba na mama walipanga mkeka wakalala, wakisema watavumilia. Mtoto wao wa miezi kumi na minne, aliyezaliwa kwenye baridi ambako malaria ni kidogo, alilazwa wiki ya tatu akiwa na homa kali na degedege. Mungu alimrehemu, akapona baada ya sindano na damu. Mama yake alitupigia simu akasema tuwaambie wenzake: chandarua kiwe cha kwanza kutoka katika begi. Ndivyo tunavyowaambia. Anayetoka Njombe, Iringa, Arusha au Kilimanjaro kwenda Kigoma, Tabora, Geita au Mtwara anaingia kwenye malaria nyingi, na mtoto mwenye homa katika wiki za mwanzo apimwe siku hiyo hiyo.

Mtungi wa gesi, petroli na mafuta ya taa visiwe kwenye gari walimo watu, wala visipakiwe na chakula. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Siku ya kuhama watoto wana kiu, watu wazima wana shughuli, na chupa ipo sakafuni. Tumewapokea wodini watoto walioinywa wakidhani ni maji. Mtoto akinywa msimtapishe, mkimbizeni hospitali, maana akitapika mafuta yanaweza kuingia katika mapafu.

Watu si mizigo

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Lori likishajaa, na fedha zikiwa zimekwisha, kuna mtu husema, "Kijana akae juu, ayaangalie magodoro." Nauli ya basi ya mtu mmoja imeokolewa. Lakini lori la mizigo halina mahali pa kushika. Likikata kona, mzigo ukihama, kijana hutupwa barabarani, au kabati humwangukia. Wodini tumewapokea waliovunjika miguu na waliovunjika uti wa mgongo kwa safari ya namna hii. Mmoja wao alikuwa mvulana wa darasa la saba, aliyewekwa juu alinde makochi. Makochi yalifika bila mkwaruzo. Yeye hatembei mpaka leo.

Lori la mizigo si gari la abiria, na sheria hairuhusu kuligeuza hivyo. Kama kuna haja ya mlinzi wa mzigo, mtu mzima mmoja akae mbele na dereva, kwenye kiti, akiwa amefunga mkanda. Kama hesabu haitoshi kumpatia kila mtu kiti cha basi, rudini kwenye daftari mkauze kitu kingine. Kochi moja likiuzwa ni nauli ya mtoto.

Siku ya kubeba, mama mjamzito na aliyejifungua karibuni asibebe. Aketi na daftari, ahesabu. Wengine wachuchumae, wainue kwa miguu wakiwa wameushikilia mzigo karibu na kifua, wasiinamie kiuno. Kabati litolewe droo kwanza. Maji ya kunywa na uji viwe tayari, maana anayebeba na njaa ndiye anayeanguka.

Mwenzetu anapohama

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo tunavyosema tunapouona wepesi mzigo usiotuhusu. Lakini akina mama wa kikundi kimoja wanaweza kuufanya uwe mwepesi kweli. Mmoja alete mifuko ya salfeti. Mwingine achukue watoto siku nzima. Wa tatu anunue kabati kwa bei ya haki badala ya kungoja mpaka mwenzake akate tamaa aliuze kwa bei ya kutupa. Jambo hili la mwisho linatuuma, maana tunaliona hata kati yetu tunaosali pamoja. Mama anayehama anajulikana kuwa ana haraka, na haraka yake inageuzwa faida ya wengine. Kama kweli unalihitaji godoro lake, mpe bei ambayo ungempa kama asingehama.

Katika Mwanzo sura ya 45, Farao alipowaita ndugu za Yusufu waje na baba yao Misri, magari aliyoyapeleka yalikuwa ya kuwabeba wake zao, watoto wao na mzee Yakobo. Kuhusu vyombo aliwaambia wasijali. Mfalme aliyekuwa na magari ya kutosha aliwaza watu kwanza. Sisi wenye lori moja la kukodi tuna sababu zaidi ya kuwaza hivyo.

Basi, dada mpendwa ambaye barua ya uhamisho iko mezani kwako leo, anza na daftari jioni hii hii. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.